Rejimenti ya Askari wa Kujitolea: Maana Yake na Kazi ya Kambi ya Mafunzo

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), rejimenti ya kujitolea ilikuwa kikosi cha askari wa miguu kilichoundwa na jimbo, kikaapishwa kuitumikia serikali ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini ulioongozwa kutoka Washington, kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 3, kisha kikavunjwa. Gavana ndiye aliyekusanya watu na kuteua maofisa. Washington ilibeba mshahara kuanzia siku ya kuapishwa. Kwa hiyo kikosi hiki hakikuwa jeshi la kudumu, wala hakikuwa mgambo wa jimbo unaoitwa kwa miezi michache na kurudishwa nyumbani. Mtu aliingia kwa hiari, lakini alilipwa na hakuweza kuondoka kabla ya muda wake.

Rejimenti kamili ilikuwa na watu wapatao 1,000 katika kombania 10, kuanzia A hadi K. Herufi J iliachwa, kwa kuwa kwa mwandiko wa mkono ilichanganywa na I. Kila kombania ilikuwa na kapteni mmoja, maluteni wawili, masajenti, makoplo 8, wapiga ngoma na filimbi, na askari wa kawaida wasiozidi 82. Juu yao wote alikuwapo kanali, akisaidiwa na luteni kanali na meja, pamoja na daktari na ofisa wa ugavi.

Mfano mzuri wa kuufuatilia ni Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, mojawapo ya rejimenti za kwanza za askari weusi katika jeshi la Kaskazini. Waziri wa Vita Edwin Stanton alimpa Gavana John A. Andrew idhini Januari 26, 1863. Tatizo lilionekana mara moja: kwa sensa ya 1860, watu weusi wa Massachusetts, wazee na watoto wakiwemo, hawakufika 10,000. Ikabidi mawakala watumwe Pennsylvania, New York, Ohio na kwingineko. Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyepinga utumwa, alihamasisha vijana kwa hotuba na maandishi, na wanawe wawili, Charles na Lewis, wakajiandikisha. Ukanali alipewa Robert Gould Shaw, mzungu wa miaka 25, maana serikali haikukubali weusi wawe maofisa.

Kambi yao ilikuwa Camp Meigs, Readville, kusini mwa Boston na karibu na reli. Ilifunguliwa kwa ajili yao Februari 21, 1863. Uwanja wake ulikuwa tambarare, mzuri kwa kwata, ila mvua ikinyesha unageuka tope, na majira ya baridi upepo hauna kizuizi. Makuruta walilala kwenye mabweni makubwa ya mbao, vitanda vikiwa pande zote mbili. Kwanza daktari aliwachuja, na karibu theluthi ya waliojitokeza walikataliwa. Hilo halikuwa jambo dogo. Katika vita vile maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi, na kambini ndiko yalikoanzia: surua iliwapata hasa vijana wa shamba ambao hawakuwahi kuugua, kisha kuhara kukafuata pale ambapo vyoo vya mtaro havikufukiwa kwa udongo kila siku.

Kwata ilifuata ngazi tatu: askari mmoja mmoja, kombania, kisha rejimenti nzima. Hatua ya kawaida ilikuwa inchi 28, yaani sentimita 71, hatua 90 kwa dakika. Ya haraka 110. Ya mbio inchi 33, hatua 165. Vipimo hivi vilikuwa na sababu yake. Kikosi kilisafiri kwa safu ndefu ya watu wanne wanne, lakini kilipigana kikiwa mstari wa safu mbili. Kombania moja ikichelewa katika kugeuka, mstari unapata pengo. Ikiwahi, watu wanabanana na hawawezi kujaza bunduki.

Na kujaza kwenyewe kulihitaji mikono iliyozoea. Bunduki yao ilikuwa Enfield, gobori lenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.577. Askari alichana kwa meno karatasi iliyofunga baruti na risasi, akamimina baruti mtutuni, akaingiza risasi, akachomoa mdeki (fimbo ya kushindilia), akashindilia, akaurudisha mdeki mahali pake, kisha akainua nyundo nusu, akaweka fataki (kikofia kidogo kinachowasha baruti nyundo ikikigonga) na kuinua nyundo hadi mwisho. Aliyefunzwa vizuri alifyatua mara 3 kwa dakika. Kosa la kawaida lilikuwa kusahau fataki: bunduki haikulia, lakini kwa kelele za jirani zake askari hakugundua, akashindilia risasi nyingine juu ya ile ya kwanza. Baada ya mapigano makubwa ya Gettysburg, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000. Takriban 24,000 zilikuwa zimejaa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili ndani. Kosa jingine ni kuacha mdeki mtutuni na kuufyatua pamoja na risasi, kisha mtu akabaki hana cha kushindilia.

Kufikia katikati ya Mei rejimenti ilijaa, na waliozidi wakaanzisha ya 55. Mei 28, 1863 ile ya 54 iliondoka Boston kwa meli kwenda South Carolina. Miezi mitatu ya Readville ilipimwa Julai 18 kwenye Fort Wagner, ngome ya jeshi la Kusini. Watu wapatao 600 walisonga mbele kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na kinamasi. Njia ilizidi kuwa nyembamba, wa upande wa kulia wakatembea majini, na bado walifika ukutani na kuupanda. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walikuwa 272, na Shaw alifia pale. William Carney wa Kombania C alirudi na bendera ingawa alijeruhiwa zaidi ya mara moja.

Lakini mkataba na serikali ulivunjwa upande wa malipo. Walipoandikishwa waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari wazungu. Serikali ikawapa 10, ikikata 3 za nguo, zikabaki 7. Wakakataa kupokea chochote, hata Massachusetts ilipotaka kujazia pengo kutoka mfuko wake, kwa sababu deni lilikuwa la Washington. Walikaa kwa takriban miezi 18 bila mshahara, huku familia zikitaabika. Bunge lilisawazisha malipo Juni 1864, na hapo kwanza kwa wale tu waliokuwa huru kufikia Aprili 19, 1861. Kanali Edward Hallowell, aliyechukua nafasi ya Shaw, akatunga kiapo ambacho hata aliyetoroka utumwani aliweza kukila bila kusema uongo: kwamba siku hiyo hakudaiwa na mtu yeyote kazi ya bure. Malimbikizo yalianza kulipwa mwishoni mwa Septemba 1864. Rejimenti ilivunjwa Agosti 1865.