Herbert Simon na programu iliyoendeshwa na watu

Januari 1956 huko Pittsburgh, Marekani, mtafiti Herbert Simon aliwakusanya mkewe, watoto wake na baadhi ya wanafunzi, akawagawia kadi zenye maagizo. Kila mtu akawa sehemu ya programu, akitekeleza hatua yake pale tu alipoitwa. Kompyuta ilikuwa haijawa tayari kuiendesha, ila programu yenyewe ilikwisha kubuniwa.

Programu hiyo ya kuthibitisha kauli za mantiki, Logic Theorist, aliitunga pamoja na watafiti wenzake Allen Newell na Cliff Shaw. Ilipowekwa kwenye kompyuta ilithibitisha kauli 38 kati ya 52 za mwanzo katika sura ya pili ya Principia Mathematica, kitabu cha Whitehead na Russell kuhusu misingi ya hisabati. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Mimi ninayefundisha saikolojia ya kufikiri naona uzito uko katika namna ilivyofanya kazi. Kujaribu kila uthibitisho unaowezekana ni kazi isiyokwisha. Kwa hiyo programu ilianza na kauli inayotakiwa kuthibitishwa, ikarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta kanuni inayofanana nayo, na njia zisizo na dalili njema ikaziacha. Haikuwa na hakika ya kufika.

Wazo hilo la kutopima kila njia Simon hakulitoa kwenye hisabati. Alikuwa amechunguza jinsi viongozi wa ofisi wanavyoamua mambo, akaona kwamba hakuna mwenye muda wala taarifa za kupima kila kitu; mtu huchukua la kutosha akaendelea na kazi. Ndiyo hoja iliyompa Nobeli ya uchumi mwaka 1978, na bila hiyo sidhani kama akili mnemba yake inaeleweka.

Baadaye yeye na mwanasaikolojia William Chase walichunguza wachezaji wa sataranji. Bingwa akiutazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano hukumbuka sehemu kubwa ya kete. Zipange kete ovyo, na hatamzidi sana anayejifunza. Kumbe nguvu yake ni kutambua mipangilio aliyoizoea.

Sataranji hiyohiyo ilimwaibisha kidogo. Mwaka 1957 alitabiri kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia. Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, Simon akiwa bado hai, tena kwa kupekua takriban mipangilio milioni 200 kwa sekunde. Kasparov alikuwa akipima michache tu, na bado akashinda mchezo wa kwanza.