Wanawake hawapendani kazini? Njooni leba muone

Kila ifikapo mwezi Machi, msimu wa Siku ya Wanawake, lazima nilisikie neno hili, na mwaka huu nimelisikia tena ukumbini, kutoka kwa mtoa mada aliyealikwa kuja kututia moyo: "Tatizo la mwanamke kazini ni mwanamke mwenzake." Ukumbi ukacheka. Wengine wakapiga makofi, na wanawake wakiwemo. Mimi ni muuguzi mkunga, nasimamia wodi ya wazazi, na rosta ya wodi hiyo naipanga mimi. Nimechoka na maneno haya, maana nayaona yanavyotuharibia kazi.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya uuguzi mwaka 2020, lilionyesha kwamba takribani asilimia 90 ya wauguzi duniani ni wanawake. Kama ingekuwa kweli wanawake hawawezi kufanya kazi pamoja, hakuna wodi ambayo ingeuvuka usiku mmoja salama. Hapo sina haja ya kuongeza neno.

Nenda kwenye kile ambacho watu wanadhani ndicho kusaidiana. Ukisema wanawake wasaidiane kazini, wengi wanawaza vikoba, sare za kitenge, mchango wa msiba na zawadi za mtoto. Ni mambo mazuri, na mchezo wa wodi yetu na mimi nacheza. Lakini mtu anaweza kuwa nawe kwenye kikoba kimoja na bado akakuacha peke yako zamu ikichachamaa. Msaada ninaouzungumzia mimi hausubiri mpendane. Unaweza kuupata kwa mtu ambaye hamsalimiani vizuri.

Chukua mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Mtoto ametoka, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 imechomwa ndani ya dakika moja, kondo limetoka, halafu damu haikati. Ukishika mfuko wa uzazi unaukuta laini, haujakaza. Mkunga ana mikono miwili, na mmoja uko tumboni unasugua, hautakiwi kuondoka pale. Nani ataweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani? Nani atatundika dripu, atapima presha, atahakikisha kibofu hakina mkojo, atachukua damu ya kupima kundi, atampigia daktari, atamfunika mtoto? Damu ikifika mililita 500 tayari ni hatari, na kwa mama aliyekuja na upungufu wa damu hatari huanza kabla ya hapo. Basi mkunga anapaza sauti kuomba msaada, na anayetokea mlangoni anakimbia ni sista wa wodi ya jirani, ambaye asubuhi ile ile walirushiana maneno kwa ajili ya mashuka.

Nimewatazama watu wa namna hiyo wakifanya kazi. Mmoja anasugua, mwingine anatafuta mshipa, na huyu anayetafuta mshipa anataja kwa sauti kila anachofanya ili mwenzake asilazimike kuinua kichwa: "Kanula imeingia. Dripu inakwenda. Presha tisini kwa hamsini. Daktari yuko njiani." Anayesugua anajibu: "Umeanza kukaza, dada, usiache." Mama akitulia wanaandika faili, wananawa, na kesho ugomvi wa mashuka unaendelea pale ulipoishia. Kwangu hiyo ni wodi nzima, yenye afya. Sihitaji wapendane. Nahitaji akiitwa aje.

Sasa makabidhiano ya zamu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo neno "wivu" linapotumika ovyo kuliko mahali pengine popote. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, inadai mapigo ya mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, na kufunguka kwa njia kila baada ya saa nne. Anayepokea zamu anafika kitandani, anaona saa mbili nzima hakuna kilichoandikwa, anauliza: "Dada, hapa katikati vipi?" Swali hilo limewaletea wauguzi wengi sifa mbaya. Ataitwa mnoko, ataambiwa anajipendekeza kwa matroni, na mwisho wa siku habari itafika ofisini kama "kina mama wa leba wanaoneana wivu". Jamani! Huyo ndiye rafiki yako wa kweli kwenye zamu ile. Ameuliza palepale kitandani, wakati mtoto bado anaweza kusikilizwa na wewe bado hujavua sare. Hakungoja kikao. Mtoto akizaliwa amechoka, faili hilo ndilo litakalosomwa mstari kwa mstari, na jina litakalokutwa ni lako.

Kinyume chake upo msaada ambao siutaki wodini kwangu kabisa: kumjazia mwenzako vidoto vya mapigo ambavyo hakupima. Watu wanauita upendo. Wanasema "tulindane". Kidoto cha uongo hakimlindi mkunga, na kinamdanganya daktari anayekuja kuamua kama mama aende upasuaji au asubiri. Ukitaka kumsaidia mwenzako aliyezidiwa, mpokee mgonjwa mmoja saa ileile anapozidiwa, kisha jaza ulichopima wewe, kwa saini yako. Na aliyezidiwa aseme kwamba amezidiwa. Wanafunzi wanapokuja mazoezini hilo ndilo gumu zaidi kuwafundisha, gumu kuliko kukata kitovu, kwa sababu wameshasikia kwamba mwanamke akionyesha udhaifu wenzake watamcheka.

Tuje kwenye rosta. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Likizo hiyo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio. Piga hesabu: aliyeanza mapema hivyo anarudi kazini mtoto ana wiki nane. Sheria hiyohiyo inamkinga na kazi ya usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua, maana yake ni kwamba kinga inakwisha karibu siku ileile anayorudi. Baada ya hapo amebakiziwa ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Na sisi ndio tunaowahubiria kina mama kliniki kila asubuhi kwamba mtoto anywe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita.

Katikati ya wiki ya nane na mwezi wa sita pana pengo, na anayeliziba ni mfanyakazi mwenzake. Zamu ina wauguzi wawili. Mmoja akienda kunyonyesha, anabaki mmoja na vitanda vyote. Hakuna aliyeletwa kujaza nafasi. Kwa hiyo saa mbili ambazo sheria imezitoa kwa mkono wa mwajiri, kwa vitendo zinatoka mgongoni kwa yule aliyebaki. Akinung'unika siku ya ishirini, mtu wa ukumbini atasema: mmeona, wanawake hawapendani. Wanaume wawili wakigombania zamu, ofisi inauliza zamu zimepangwaje. Wanawake wawili wakigombania zamu, ofisi inauliza wana nini hawa.

Pamoja na hayo yote, wanazibiana. Anayeishi mbali na kazi hawezi kwenda nyumbani na kurudi ndani ya saa mbili, kwa hiyo anakamua. Friji ya wodi ni ya dawa, oksitosini inakaa humo kwenye nyuzi 2 hadi 8, na maziwa ya mtu hayaingii. Wenzake wakachanga wakanunua kiboksi cha baridi. Kinakaa stoo ya mashuka, barafu inabadilishwa na yeyote anayeingia zamu, na kila chupa imebandikwa plasta yenye jina na saa ya kukamua. Mama akiwa humo stoo anakamua, mwenzake anatega sikio kwa wagonjwa wa pande zote mbili. Hakuna aliyeandikiwa kwenye majukumu yake kwamba abadilishe barafu.

Yapo yanayonisumbua, na kwenye semina huwa hayasemwi. La kwanza ni wale wasio na watoto wadogo. Kila tunapomwepushia mama mchanga usiku, usiku huo unakwenda kwa mtu, na mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa, au mama wa makamo ambaye watoto wameshakua. Tuna daftari la kubadilishana zamu, ukichukua usiku wa mwenzako unaandikiwa, naye anatakiwa alipe. Lakini mwenye mtoto wa miezi minne atalipa lini? Mwingine hajawahi kujaliwa mtoto, na kila mwaka anabeba usiku wa wenzake. Nikimwambia ni kusaidiana, naona aibu. Sijapata njia ya haki kabisa. Kwa sasa nampa kipaumbele akichagua likizo na siku zake za mapumziko, na najua hailingani.

La pili ni ukali wa wakongwe. Wapo masista waliotulea kwa kutufokea, na mikono yao imeokoa watu wengi. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba mkunga asiyefokewa hajifunzi. Mimi nimetenganisha hivi: sauti kali wakati damu inamwagika naipokea, kumwaibisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa naikataza. Ila mpaka wenyewe si rahisi kuuona saa tisa usiku, na kuna siku nashindwa kusema ni upi umevukwa.

Hayo yanahitaji mazungumzo ya watu wazima. Ukishasema "ndivyo wanawake walivyo", umeyafunga. Matroni haombi mfanyakazi wa kuongeza kwa sababu amekwisha kuamua tatizo ni tabia, wala mwajiri haulizwi saa mbili za kunyonyesha zinafidiwa na nani. Aliyechoka naye anaanza kuamini kwamba mwenzake ndiye adui.

Rosta ya mwezi ujao iko mezani kwangu. Wawili wanarudi kutoka likizo ya uzazi, mmoja wao ana mapacha. Saa zao za kunyonyesha safari hii nimeziandika ndani ya rosta yenyewe, kwa wino, kama zinavyoandikwa zamu, na kando yake nimeandika muda ambao leba itabaki na mkunga mmoja. Nimeomba muuguzi wa kujazia. Barua imekwenda kwa mganga mfawidhi, na nakala anayo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.