Mafuta ya karafuu: nguvu yake na mipaka yake

Mwanafunzi mpya akija maabara, humpa chupa ya mafuta ya makonyo kutoka Pemba na glasi ya maji, nikamwambia adondoshe tone moja. Mafuta mengi ya mimea yenye harufu huelea. Haya huzama mpaka chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, huvikeneka kwa mvuke, na mimi husikitika kila nikikutana na mtu anayedhani ni takataka.

Ukali wa mafuta hayo unatokana na kemikali iitwayo yujenoli, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 80 yake. Ni fenoli, yaani ina hidrojeni moja iliyo tayari kuachia. Chembe huru ni molekuli zilizopungukiwa elektroni, na huzipokonya molekuli za jirani. Yujenoli huzipa ile hidrojeni, zikatulia. Maabara tunalitazama jambo hili kwa kemikali ya DPPH, ambayo yenyewe ni chembe huru: ikiyeyushwa kwenye spiriti huwa ya zambarau iliyokolea, ukitia mafuta ya karafuu kidogo tu inafifia, inakuwa manjano mbele ya macho yako. Jikoni nako ni vivyo hivyo: mafuta ya kula yaliyotiwa karafuu huchelewa kuchacha.

Kwa bakteria kazi ni nyingine. Yujenoli hupenya kwenye utando wa seli, ambao wenyewe ni wa mafuta, na kuulegeza. Potasiamu inavuja, nishati inaisha, bakteria anakufa. Tunapanda Staphylococcus aureus, yule wa majipu, kwenye kisahani, tunaweka katikati kikaratasi chenye mafuta, na kesho yake tunakuta duara safi pasipoota kitu. Rudia na bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa, duara ni dogo mno au halipo kabisa. Huyu ana utando wa pili kwa nje, tena ana pampu za kutapika sumu.

Sasa hilo duara ndilo linalowapoteza watu. Wanaona picha yake kwenye simu, wanaanza kunywa matone kila asubuhi "kusafisha damu". Jamani, msifanye hivyo! Utando wa seli zenu nao ni wa mafuta, na yujenoli haichagui. Ukimeza kidogo, ini huibadilisha upesi na kuitoa kwenye mkojo kabla haijafikia kiwango cha kuua bakteria. Ukimeza nyingi, ini lenyewe linaumia. Mililita 5 hadi 10 zimewahi kumtia mtoto mdogo degedege na kuharibu ini lake. Hicho ni kijiko cha chai kimoja au viwili! Chupa ikae juu, mbali na mikono ya watoto.

Pahali pake hasa ni kwenye jino. Madaktari wa meno huchanganya yujenoli na oksaidi ya zinki kuziba tundu kwa muda. Nyumbani, mtu mzima anaweza kutia matone mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, achovye pamba, agusishe jino lenyewe bila kupaka ufizi, maana yanaunguza. Maumivu yatapoa kwa sababu mshipa wa fahamu umekufa ganzi. Tundu liko palepale. Shavu likivimba au homa ikipanda, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.