Maana ya "njia ya panya" ya umeme wa moyo

Ukanda huu wa ziwa, ukitaja njia ya panya watu wanawaza mzigo unaoshushwa usiku ufukweni, mbali na kizuizi. Moyo nao unaweza kuwa na njia kama hiyo, na mtu huzaliwa nayo.

Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia chumba cha juu kulia, ukashuka hadi kituo kilicho katikati. Hapo husimamishwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Njia ya panya ni uzi mwembamba wa msuli unaovusha umeme bila kupita kituoni. Madaktari Wolff, Parkinson na White waliieleza hali hii mwaka 1930.

Wengi wanajua kwamba njia hiyo huleta mapigo ya mbio, na mbio zikidumu wiki nyingi msuli huchoka. Kisichojulikana sana ni kwamba moyo unaweza kudhoofika hata bila mbio, hasa kwa watoto ambao njia yao iko upande wa kulia au kwenye ukuta wa kati. Fikiria mtumbwi wa mashindano. Wapiga kasia wa upande mmoja wakitangulia na wenzao wakachelewa, nguvu inatumika lakini chombo hakisongi. Ndivyo ilivyo umeme wa njia ya panya unapotangulia: ukuta mmoja wa moyo hujikunja mapema, mwingine baadaye, na taratibu moyo hutanuka.

Dawa za moyo dhaifu husaidia, ila chanzo kinabaki. Tiba yenyewe ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha kuunguza uzi ule kwa joto la mawimbi ya redio. Kuta zikirudi kujikunja pamoja, msuli mara nyingi hupata nguvu tena ndani ya wiki au miezi. Uzi ukiwa jirani na kituo, daktari huenda kwa tahadhari kubwa, maana kituo kikiungua mgonjwa atahitaji betri ya moyo, yaani kifaa cha kuendesha mapigo.

Ndiyo maana inaniuma mzazi anapoambiwa tu "moyo wa mtoto ni mkubwa". Eko, yaani kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha ukubwa na udhaifu. Njia ya panya huonekana kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, pale wimbi kubwa linapoanza kwa kupanda polepole. Ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, ibebe karatasi hiyo.