Herufi moja ya Mwalimu

Juzi Ngamiani, Tanga, barazani pa kahawa, wazee wawili nusura wakosane. Mmoja anasema Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya vita dhidi ya Idi Amin, rais wa Uganda, alianza na uwezo, mwenzake anaapa alianza na sababu. Yule wa pili, aliyekuwa mkata mkonge mwaka 1978, akakata mkono hewani mara tatu hadi kahawa ikamwagika: "Tunayo! Tunayo! Tunao!" Mimi hufundisha sanaa ya kuhutubia. Nikavuta kigoda.

Nyerere alisema maneno yale tarehe 2 Novemba 1978, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na nchi nzima ikasikiliza redioni. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameshaingia Kagera, na Amin ametangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto ni lake. Sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao. Zipange utakavyo, hazivunjiki, kwa kuwa kila moja imefungwa kwa mlio uleule. Wazee wanabishania mpangilio, lakini hakuna aliyesahau kwamba zilikuwa tatu.

Kinachonishika mimi zaidi ni herufi m. Hakusema kuwapiga. "Kumpiga" kunamlenga mtu mmoja, nduli Amin, na kuwaweka Waganda kando. Tanzania ilikuwa inawahifadhi wakimbizi wa Uganda, Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akiwa mmojawapo, na baadhi yao wangepigana bega kwa bega na vijana wetu; ungewaambiaje watu hao kwamba tunakwenda "kuwapiga"? Halafu kitenzi chenyewe ni cha uani kwetu. Angesema "kukabiliana na uvamizi", nusu ya wasikilizaji wangerudi kwenye shughuli zao.

Wenzangu wa fani hii hukimbilia kumtaja Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita. Sawa, tarehe 4 Juni 1940 naye alirudiarudia kwamba watapigana: fukweni, mashambani, mitaani. Ila alikuwa ndani ya Bunge, na raia walisomewa vipande vyake na mtangazaji wa BBC. Wazee wangu walimsikia Mwalimu mwenyewe.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia yule mkata mkonge. "Wewe ulifanya nini baada ya hotuba?"

"Kesho yake nikaenda kujiandikisha mgambo, mwanangu. Wakaniambia mkonge nao unatakiwa, rudi ukakate. Nikarudi nimenuna."