Gari la 4x4 pia huteleza

Wapo madereva wa Uganda wanaoamini gari la 4x4 haliwezi kuteleza. Ukiwa Kabale au Kisoro msimu wa mvua utaelewa imani hiyo ilikotoka: gari dogo limezama matopeni, kubwa linapita. Basi mvua ya mawe ikifunika lami, mwenye gari kubwa haoni sababu ya kupunguza mwendo.

Mfumo wa 4x4 hugawa tu nguvu ya injini kwa magurudumu yote manne. Husaidia kuondoka na kupanda mlima. Kusimama ni kazi ya breki, na hata Vitz kuukuu ina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachoamua ni tairi kushika barabara, na barafu haiulizi bei ya gari. Kanuni za barabara za Uingereza zinaonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa lami kavu.

Halafu, barafu iliyo karibu na nyuzi 0, kama mawe yanayoyeyuka, ina utando wa maji juu yake. Huteleza kuliko ile ya baridi kali.

Texas, Marekani, ni jimbo la joto na la magari makubwa. Februari 2021, mvua nyepesi iliganda barabarani Fort Worth; magari zaidi ya 130 yaligongana, watu 6 wakafa.

Ukikuta mawe yametanda, achia pedali ya mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla. Au egesha mahali salama usubiri. Ya kwetu hayachukui muda kuyeyuka.