Kabla hujanunua turbo ya tatu

Dada mmoja wa Kimara aliniletea Subaru Forester yake ya mwaka 2004, toleo la SG5 lenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Ilikuja na turbo mbili: moja imefungwa kwenye injini, nyingine imo kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya kiti. Ya kwenye mfuko ndiyo iliyokuja na gari kutoka Japani. Fundi wake aliona moshi, akasema turbo imekufa, ikanunuliwa nyingine ya mtumba. Wiki haikuisha, moshi umerudi. Safari hii akaambiwa hata hiyo ya mtumba ilikuwa mbovu, itafutwe ya tatu.

"Fundi, kabla hujagusa chochote," akaniambia, "sinunui turbo nyingine."

Nikamwambia sina turbo ya kumuuzia, nina maswali tu. La kwanza ni lile ninalomuuliza kila mwenye gari linalokula oili: moshi unatoka wakati gani? Watu wengi hujibu "muda wote," lakini ukiwabana kidogo unagundua si muda wote. Moshi una saa zake, na saa hizo ndizo zinazokuambia oili inapita mlango upi. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini mawingu hayakuambii itamnyeshea nani.

Gari likitoa pumzi moja ya bluu asubuhi ukiliwasha, halafu likatulia, mawazo yangu huenda kwenye sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda: oili imechuruzika usiku kucha, imeungua mara moja, basi. Likitoa moshi baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, mfano umeteremka Kitonga kwa gia halafu pale chini ukakanyaga, hapo pia ni sili za valvu au ringi za pistoni za kukwangua oili, kwa sababu ukiachia mafuta injini hunyonya kwa nguvu na kuivuta oili mahali isipotakiwa. Likitoa moshi kila unapokanyaga turbo ikiwa inasukuma, natazama ringi na mfumo wa kupumulia wa injini. Lakini likiwa safi barabarani, kisha likasimama kwenye foleni dakika kumi na kulipuka wingu unapoondoka, hapo turbo inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Dada alijibu bila kusita: foleni ya Kimara hadi Ubungo. Akiondoka pale, bodaboda walio nyuma wanamlaani. Akishaingia barabara tupu, hakuna kitu.

Basi fundi wa kwanza hakukosea sana kuitazama turbo. Alichokosea ni kudhani kwamba turbo inayovuja ni lazima iwe mbovu.

Watu husema "sili ya turbo imekatika" kana kwamba humo ndani mna mpira kama ule wa kwenye krenki. Hakuna. Turbo kama ile TD04 ya Forester ina vipete vidogo vya chuma kwenye shafti, ndugu wa ringi za pistoni, na vipete hivyo peke yake haviwezi kuzuia oili iliyojaa. Kinachosaidia ni mambo mawili: shinikizo la hewa na moshi kutoka pande zote mbili, na oili yenyewe kuondoka haraka. Oili inaingia juu ikiwa na presha ya pampu, inapita kwenye beringi za shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inatoka chini ikiwa povu lisilo na presha hata kidogo. Inarudi kwa kuanguka tu, kama maji ya bafuni. Ukiziba bomba la bafu, maji yatapanda hadi mlangoni, na hutalaumu mlango.

Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, moshi unaozungusha turbo hauna nguvu ya kuizuia oili iliyopanda. Inapenya kidogo kidogo upande wa joto, inakusanyika. Ukikanyaga, joto linapanda, yote inafuka kwa mpigo. Ndiyo sababu ya moshi wa foleni.

Rangi nayo inadanganya. Oili iliyoungua ndani ya silinda hutoa bluu. Oili iliyofuka kwenye turbo na ekzosi bila kuungua vizuri huweza kutoka nyeupe-kijivu, nzito, na nimeona hedi zikifunguliwa kwa kosa hilo, mtu akidhani gasketi imepasuka na maji yanaungua. Shika karatasi nyeupe kwenye mdomo wa bomba kwa dakika moja. Maji yatakauka, oili itaacha doa la mafuta kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Halafu tazama rejeta: maji yakiwa palepale wiki nzima, iache hedi ya watu ipumzike.

Nikafungua. Kwanza bomba la hewa linaloingia kwenye turbo na intakula ya juu, kile kipoza hewa ya turbo. Ndani kulikuwa na utando mwembamba wa oili, na huo haunitishi; injini ya umri huu hupumua mvuke wa oili kupitia hapo. Ningekuta dimbwi ningefikiria vingine. Kisha nikafanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote, japo nati zake zina kutu na zinakula jioni nzima: nikatenganisha ekzosi kabla ya turbo na baada ya turbo. Bomba linaloleta moshi kutoka injini lilikuwa kavu, lina masizi ya kawaida. Bomba linalotoka kwenye turbo lilikuwa limelowa, linang'aa. Mpaka umejichora wenyewe. Kama bomba la kabla lingekuwa na oili, turbo ingeachiwa huru hapohapo na kesi ingehamia kwenye injini.

Nikaishika shafti kwa vidole. Hapa turbo nyingi nzima hutupwa. Shafti ikicheza kidogo juu na chini, hiyo ni kawaida, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili na injini imezimwa. Isichotakiwa kufanya ni kuingia na kutoka, wala feni kugusa ukuta. Yake haikufanya hivyo. Nikatoa ile ya kwenye mfuko, nikaipima: nzima pia.

Turbo mbili nzima, moshi uleule. Nikaenda chini, kwenye mpira unaorudisha oili kwenye hedi ya kulia. Mpira ulikuwa ule wa kiwandani, umekakamaa kama plastiki, na ngozi yake ya ndani imebanduka na kuning'inia njiani. Huo ndio uliomtesa dada tangu mwanzo. Halafu juu yake, pale flanji inapokaa kwenye turbo, fundi alikuwa amepaka silikoni badala ya gasketi. Aliipaka kwa ukarimu. Iliyozidi ilikuwa imeminyikia ndani na kufanya kizibo, ikaacha upenyo wa kupita penseli.

Sikumaliza hapo, kwa sababu kuna mshukiwa mwingine anayejificha nyuma ya turbo. Ringi zikichoka, presha hupita chini ya pistoni, inajaa ndani ya injini na kuizuia oili ya turbo isishuke. Vivyo hivyo valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, ikikwama wazi: turbo ikisukuma, presha yake inaingia kwenye injini yenyewe. Unaweza kubadilisha turbo kumi. Kwa hiyo kabla ya kutenganisha ekzosi nilikuwa nimefungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma, nikaona inapumua taratibu tu, na kompresheni ya silinda zote nne, yaani presha ya kila silinda, ilikaribiana. Neno kwa mafundi wenzangu: ile hila ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda ili kujua kama ni ringi, kwenye Subaru usiiamini sana. Silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini na upande wa juu wa ringi haupati kitu. Afadhali usukume hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, usikilize inatokea wapi.

Wenye dizeli za turbo, nyie msiuchelewe moshi huu. Oili ikivujia upande wa hewa kwa wingi, injini inaweza kuila kama mafuta na kujizungusha yenyewe hata ukizima swichi. Inazimwa kwa kuiziba hewa, na si kwa mkono mtupu.

Forester ikapata mpira mpya, gasketi ya chuma, oili mpya na kichujio. Nilisafisha pia bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitisha oili, kwenye njia ya kuingizia oili. Turbo iliyokuwa imefungwa nikairudisha ileile. Ya kwenye mfuko nikamwambia aende nayo, ni spea.

Akawasha, moshi mzito ukajaa gereji. Uso wake ulibadilika. Nikamweleza kwamba silensa imeshiba oili ya miezi, lazima iungue iishe, aelekee njia ya Chalinze na asiendeshe kwa woga. Alipofika Mlandizi alinipigia kwamba bado. Aliporudi Kibaha akanipigia tena, safari hii akiuliza kama ile turbo ya kwenye mfuko inaweza kupata mnunuzi.